Maji kwenye turbo: nozeli iwekwe wapi?

Waliozoea kuja hapa kusoma mambo ya programu na hifadhidata wanivumilie leo, maana nimekuwa nikisoma habari za injini kila jioni kwa wiki tatu, na nisipoyaandika nitayasahau.

Chanzo ni binamu yangu. Ana Subaru Impreza ya turbo ya mwaka 1998, iliyotoka Japani ikiwa imetumika kama magari yetu mengi. Mwaka jana aliipeleka kwa fundi mmoja hapa Nairobi ili awekewe mtambo wa kunyunyiza maji kwenye hewa inayoingia injini. Ndiyo, maji. Tangi dogo kwenye buti, pampu, mpira mwembamba, na mwishoni nozeli yenye tundu jembamba kama sindano. Wazo lenyewe si la kihuni. Maji yakigeuka kuwa mvuke hubeba joto, hewa inapoa, injini haigongi, na unaweza kuongeza presha ya turbo. Fundi alitoboa bomba lililo kati ya turbo na intakula (lile sanduku la mapezi linalopoza hewa kabla haijaingia injini) akafunga nozeli hapo. Kwa miezi miwili gari lilipaa. Kisha likaanza kukohoa kila alipokanyaga mafuta kwa ghafla. Siku moja akipanda mlima kutoka Mai Mahiu, maji yakaisha kwenye tangi bila yeye kujua, na pistoni moja ikapasuka.

Tulipofungua intakula tulimwaga maji yaliyochanganyika na oili, kama kikombe kizima. Fundi alituambia, "Boss, mimi niliweka pale palipokuwa na nafasi." Nilikasirika, halafu nikanyamaza, kwa sababu hata mimi sikuwa na jibu. Ilipaswa kuwekwa wapi? Nilipoanza kutafuta nikakuta kwamba watu wameuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka 100, na kila kizazi kimeweka nozeli mahali pake.

Kwanza maneno mawili kuhusu kugonga, kwa wale ambao gari kwao ni ufunguo na usukani tu. Plagi ikiwasha moto ndani ya silinda, moto husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine kama moto wa nyasi. Mchanganyiko wa hewa na petroli ulio upande wa mbali unabanwa na kupashwa joto huku ukingoja zamu yake. Ukipata joto la kupita kiasi haungoji, unajilipukia wenyewe wote kwa pamoja. Unasikia kama mtu anagonga injini kwa nyundo ndogo. Kugonga kidogo si neno, lakini kukiendelea kunavunja pistoni. Turbo huleta hatari hiyo karibu zaidi, kwa kuwa hewa iliyosukumwa huwa na joto.

Hapa Nairobi sisi tuna shida ya ziada. Nilipiga hesabu. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa ni kama bar 0.83. Ukitaka bar 2 kamili ndani ya injini, turbo iliyoko Mombasa inazidisha presha mara 2, ya Nairobi mara 2.4. Chukua turbo yenye ufanisi wa asilimia 70. Mombasa hewa ya nyuzi 30 inatoka kwenye kompresa ikiwa na nyuzi 125 hivi. Nairobi hewa ya nyuzi 25 inatoka ikiwa na nyuzi 146. Tunaanza na hewa baridi zaidi na bado tunamaliza na hewa ya moto zaidi! Ndiyo maana simlaumu binamu yangu kwa kufikiria maji.

Sasa historia. Tayari katika miaka ya 1890 Donát Bánki, mhandisi wa Hungaria, alikuwa akichanganya maji na hewa inayoingia injini ili aweze kuibana zaidi bila kuwaka kabla ya wakati. Turbo haikuwepo. Lakini mtu ambaye jibu lake la swali letu ni la wazi kuliko wote ni Bernard Hopkinson, profesa wa Cambridge. Mwaka 1913 alisoma mbele ya wahandisi wa Uingereza makala kuhusu njia mpya ya kupoza injini za gesi. Injini zile zilikuwa majitu ya viwandani, na kadiri zilivyokua ndivyo ilivyokuwa vigumu kuzipoza kwa maji ya nje. Chuma kinene kinapashwa joto upande mmoja na kupozwa upande wa pili, mwishowe kinapasuka. Hopkinson akasema, kwa nini tupoze chuma kwa nje wakati moto uko ndani? Akatia maji moja kwa moja ndani ya silinda kwa vijitundu vilivyoelekezwa kwenye kuta zenye joto.

Kwa hiyo nozeli ya kwanza katika habari hii haikuwa kwenye bomba la hewa kabisa. Hopkinson hakuwa na haja ya kupoza hewa, alitaka kupoza chumba cha moto. Shikeni tofauti hiyo, maana ndiyo inayofungua mambo yote yanayofuata. Kupoza hewa ni kazi moja na kupoza moto ni kazi nyingine, na nozeli inayofaa kwa moja inaweza isifae kwa nyingine.

Hopkinson alikufa mwaka 1918 akirusha ndege. Mwanafunzi wake Harry Ricardo ndiye aliyeendelea na suala la kugonga mpaka likaeleweka. Baada ya Vita vya Kwanza alijenga injini ya majaribio ambayo mbano wake uliweza kubadilishwa huku ikinguruma, akapima petroli moja baada ya nyingine kuona ipi inaanza kugonga wapi. Alipima na maji pia. Lakini petroli yenye risasi ilipoingia sokoni katika miaka ya 1920, haja ya maji ikapungua. Ni rahisi zaidi kumwaga dawa kwenye petroli kiwandani kuliko kumpa kila dereva tangi la pili.

Vita vya Pili ndivyo vilivyorudisha maji. Hapa nitakaa kidogo.

Chukua ndege ya Marekani ya P-47 Thunderbolt. Injini yake ni Pratt & Whitney R-2800, silinda 18, karibu lita 46. Turbo haikuwa karibu na injini, ilikuwa nyuma ya rubani karibu na mkia. Moshi ulisafirishwa kwa mabomba mpaka huko, na hewa iliyobanwa ikarudi mbele baada ya kupita kwenye intakula. Ilipofika mbele iliingia kwenye kabureta, kisha kwenye supachaja iliyozungushwa na injini yenyewe, halafu ndiyo ikaingia kwenye silinda. Yaani hewa ilibanwa mara mbili. Maji yaliyochanganywa na methanoli yaliingia wapi? Baada ya intakula, lakini kabla ya ile supachaja ya mwisho. Nguvu ya dharura ilipanda kutoka nguvu farasi 2,000 hadi 2,300 kwa injini ileile na petroli ileile.

Upande wa pili, Wajerumani walikuwa na MW 50, ambayo ni nusu methanoli, karibu nusu maji, na tone la mafuta ya kuzuia kutu. Kwenye Messerschmitt Bf 109 yenye injini ya DB 605 hakukuwa na turbo wala intakula, supachaja tu, na petroli iliingizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Maji yalinyunyizwa kwenye mdomo wa supachaja, pale hewa inapoingia. Injini ya nguvu farasi 1,475 ikafika 1,800, lakini kwa dakika 10 tu kwa mpigo.

Maadui wawili waliotengana kwa kila kitu wakaweka nozeli mahali pamoja, yaani mbele ya kompresa ya mwisho. Kwa nini? Nozeli za wakati ule zilikuwa butu. Zilitoa matone makubwa, na tone kubwa halikati kona pamoja na hewa. Hewa ikipinda, tone linaendelea moja kwa moja na kubandika kwenye ukuta wa bomba. Ukiwa na silinda 18 zilizopangwa duara, baadhi zitakunywa maji kupita kiasi na nyingine zitakauka, na ile iliyokauka ndiyo itakayovunjika. Lakini ukitia maji mbele ya gurudumu linalozunguka kwa kasi ya kutisha, gurudumu linakupigia matone hadi yawe ukungu na kuyachanganya na hewa sawasawa. Zaidi ya hapo maji yanavukiza hewa ikiwa bado inabanwa, kwa hiyo kazi ya kuibana inapungua. Kompresa ikawa ndiyo nozeli halisi.

Kuna jambo la pili nililolipenda zaidi katika R-2800, nadhani kwa sababu ya kazi yangu. Injini inayopewa maji haihitaji petroli nyingi ya kuipoza, kwa hiyo maji yakianza kutiririka mchanganyiko ulipunguzwa petroli. Vali iliyofanya hivyo ilisukumwa na presha ya maji yenyewe. Maji yakiisha presha inaanguka, vali inarudi, na injini inapata tena petroli yake nyingi ya kuilinda. Hakuna kompyuta hata moja. Mtambo ulihakikisha kwamba kuwepo kwa maji ndiko kunakoruhusu hatari, na kukosekana kwake kunaiondoa. Gari la binamu yangu la 1998 halikuwa na hata taa ya kuonyesha kwamba tangi limekauka.

Mwaka 1943 shirika la utafiti wa anga la Marekani, NACA (lile lililogeuka kuwa NASA mwaka 1958), lilitoa ripoti ya Addison Rothrock na wenzake kuhusu kuingiza maji kwenye hewa ya injini za ndege kama njia ya kupoza kutoka ndani. Unaona maneno yale ya Hopkinson yamerudi, kupoza kutoka ndani. Nozeli ilikuwa imehamia kwenye hewa, lakini sehemu kubwa ya kazi ilikuwa bado inafanyika kwenye silinda.

Hapa ndipo hesabu zinapoingia, na anayechukia hesabu aruke aya tatu. Gramu 1 ya maji ikivukiza inabeba takriban jouli 2,400. Methanoli inabeba kama 1,100, petroli kama 350 tu. Kwa hiyo maji ni mbeba joto hodari. Tatizo ni kwamba hewa ina kikomo cha mvuke inachoweza kubeba, na ukiibana kikomo hicho kinashuka.

Chukua hewa iliyotoka kwenye intakula ikiwa na nyuzi 60 na bar 2, na kila kilo moja ya hewa hiyo tayari ina gramu 10 za mvuke iliokuja nao kutoka angani. Ukiinyunyizia maji mpaka ishibe kabisa, itashuka hadi nyuzi 37 hivi, na itakuwa imekunywa gramu 10 nyingine tu. Wanaofunga mitambo hii huweka maji ya kiasi cha asilimia 10 hadi 25 ya petroli. Injini ya turbo ikikanyagwa huchukua kama gramu 83 za petroli kwa kilo ya hewa, kwa hiyo gramu 10 za maji ni kama asilimia 12. Ukiweka gramu 20, basi hata kama mambo yote yangekwenda vizuri kabisa, nusu ya maji yataingia silinda yakiwa bado maji.

Na mambo hayaendi vizuri kabisa, kwa sababu ya muda. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika kwa presha hiyo, hewa inapita kwenye bomba la milimita 60 kwa karibu mita 32 kwa sekunde. Ukiweka nozeli nusu mita kutoka kwenye throto, tone lina sekunde 0.016 za kuishi kwenye bomba. Ukungu mwepesi sana unaweza kuvukiza kiasi ndani ya muda huo. Tone la kawaida la nozeli ya bei nafuu halivukizi. Litafika silinda likiwa zima, na kazi yake italifanyia mle ndani wakati wa mbano na moto, kama Hopkinson alivyotaka. Kwa hiyo wanaosema nozeli iwe mbali ili maji yapate muda wa kuvukiza wana hoja, ila ni ndogo kuliko wanavyodhani. Kila unapoisogeza nyuma unaongeza kona na kuta ambazo tone linaweza kubandika.

Sasa tazameni nozeli ya binamu yangu, kati ya turbo na intakula. Hewa pale ina nyuzi 140 na zaidi, na kwa macho panaonekana ni mahali pazuri sana, maji yatavukiza upesi. Lakini fikiria kazi ya intakula. Hutoa joto kwa sababu hewa ya ndani ni ya moto kuliko upepo wa nje, na tofauti ikiwa kubwa joto hutoka kwa wingi. Ukipoza hewa kwa maji kabla ya intakula umeinyang'anya ile tofauti. Maji yako, uliyoyanunua na kuyabeba, yanafanya kazi ambayo upepo ungeifanya bure. Na yale matone ambayo hayakuwahi kuvukiza yanakutana na mapezi membamba ya intakula, yanabandika, yanateremka chini na kukusanyika na oili. Ukikanyaga mafuta ghafla dimbwi lile linanyanyuka na kumezwa kwa pamoja. Ndiko kukohoa alikokuwa akikusikia. Kwa bahati lilikuwa dimbwi dogo. Maji hayabaniki, na silinda ikijazwa maji ya kutosha mkono wa pistoni hupinda.

Kwa upande wa magari, wa kwanza kuuza turbo yenye maji kwa watu wa kawaida walikuwa Oldsmobile, mwaka 1962. Gari liliitwa Jetfire. Injini ya alumini ya V8, lita 3.5, yenye mbano wa 10.25 kwa 1, ambao ni mkubwa hata kwa injini isiyo na turbo, kisha wakaongeza turbo ya presha ndogo, kama bar 0.34. Bila msaada ingegonga mpaka ijivunje. Msaada ukawa chupa ya maji yaliyosafishwa na methanoli, nusu kwa nusu, pamoja na dawa ya kutu kidogo. Waliipa jina la kifahari, Turbo-Rocket Fluid, kana kwamba ni mafuta ya roketi. Kabureta ilikuwa mbele ya turbo, turbo inavuta kupitia kwake, na mchanganyiko ule uliingia upande huohuo, kabla ya kompresa. Ni mpango uleule wa ndege. Hakukuwa na intakula, kwa hiyo hakukuwa na mahali pa maji kutuama, na kompresa ilichanganya.

Na walikuwa wamefikiria tangi kukauka. Chupa ikiisha, vali ilizuia presha isipande, gari likawa zito lakini salama. Kiufundi ni kazi nzuri sana. Kilichoishinda Jetfire ni watu. Wenye magari hawakujaza chupa. Wengine hawakujua kama ipo. Gari likapoteza nguvu, wakalalamika, wakalirudisha kwa muuzaji. Zilitengenezwa 9,607 tu katika 1962 na 1963, na mwaka 1965 kampuni ikawapa wenye magari nafasi ya kuondolewa turbo na kuwekewa kabureta ya kawaida. Sisi wa programu tunawajua watu hao. Wapo wanaopuuza ujumbe wa onyo mpaka mashine izime, halafu wanapiga simu kusema programu ni mbovu.

Turbo ziliporudi kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1970, maji yalirudi nazo kwa muda mfupi. Saab walikuwa na toleo la 99 Turbo lenye kunyunyiza maji. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 haohao Saab wakaleta mfumo wa APC, wa Per Gillbrand na wenzake. Sensa inasikiliza injini, ikisikia kugonga inashusha presha ya turbo papo hapo. Intakula nazo zikawa za kawaida. Sensa na mapezi vikachukua kazi ya maji, na hakuna aliyetakiwa kujaza chupa.

Waliobaki na maji ni watu wa mashindano. Katika Formula 1 Renault waliyanyunyiza kwenye hewa ya injini yao ya turbo. Ferrari mwaka 1982 walikwenda njia nyingine kabisa, waliyachanganya na petroli yenyewe kama maziwa, kwa hiyo maji yakapita kwenye nozeli za petroli na swali la "wapi" likatoweka. Hila iliyoniacha mdomo wazi ni ya Tyrrell mwaka 1984, ingawa wao hawakuwa na turbo. Gari lao lilikuwa na tangi la maji ya kunyunyiza injini, wakalijaza karibu na mwisho wa mbio, na pamoja na maji zikaingia gololi ndogo za risasi ili gari lifikishe uzito uliotakiwa. Baada ya mbio za Detroit, ambako Martin Brundle alimaliza wa pili, maji yalipimwa na kesi ikaanza. Matokeo yao ya msimu mzima yalifutwa. Maji ya injini yaliyotumika kama mizani!

Hapa kwetu tuliyaona maji pia kwenye rally, lakini angalieni msichanganye. Impreza na Lancer nyingi za turbo zilikuja na kitufe cha kunyunyizia intakula maji kwa nje, kama unavyomwagia mtu maji siku ya jua. Hayo hayaingii injini. Nimekutana na zaidi ya mtu mmoja anayeapa kwamba gari lake lina "water injection" kutoka kiwandani, kumbe ni hicho kitufe.

Kisha kimya kirefu, mpaka 2016, BMW walipouza M4 GTS na mfumo wa Bosch. Injini ni lita 3, silinda 6 kwa mstari, turbo mbili, nguvu farasi 500 badala ya 431 za M4 ya kawaida. Tangi la lita 5 kwenye buti. Na nozeli? Tatu, ndani ya chumba cha hewa kinachogawia silinda, baada ya intakula na baada ya throto, kila moja ikihudumia silinda mbili, kwa presha ya kama bar 10. Hawakuhitaji kompresa kupiga matone, kwa kuwa presha ya pampu na nozeli za kisasa zinafanya ukungu wenyewe. Hawakuhitaji bomba refu la kuchanganyia, kwa kuwa waligawa maji kwa jozi za silinda. Ukizima injini, maji yaliyo kwenye mipira yanarudishwa tangini yasije yakaganda wakati wa baridi. Na yakipungua, kompyuta inashusha presha na kuchelewesha cheche. Ile vali ya R-2800 imerudi, safari hii kama mistari ya programu.

Kwa hiyo nozeli ilianza ndani ya silinda mwaka 1913, ikarudi nyuma hadi mdomo wa kompresa katika miaka ya 1940 na kwa Jetfire, na sasa imesogea tena hadi mlangoni pa silinda. Iliwekwa pale ambapo kulikuwa na kitu cha kusaga maji. Gurudumu la supachaja lilisaga wakati pampu hazikuweza. Pampu zilipoweza, gurudumu likaachwa lipumzike.

Mtu ataniuliza, basi kwa nini binamu yako asiweke mbele ya turbo kama ndege? Wapo wanaofanya hivyo. Lakini gurudumu la turbo ya gari ni dogo na jepesi. La milimita 60 likizunguka mara 130,000 kwa dakika, ncha zake zinakwenda zaidi ya mita 400 kwa sekunde, kasi kuliko sauti. Tone la maji kwa kasi hiyo ni changarawe, na taratibu linakula kingo za gurudumu. Zaidi ya hapo maji yatapita kwenye intakula vilevile, na tumerudi kwenye kile kikombe.

Kwenye gari lake jibu la kitabu, yaani bomba lililonyooka baada ya intakula, halipo. Intakula ya Impreza ile imelala juu ya injini na inaunganishwa na throto kwa kipande kifupi cha mpira. Fundi hakudanganya, nafasi kweli haikuwepo. Tulichofanya, pamoja na fundi mwingine mwenye subira, ni kuchomelea kikombe kidogo cha nyuzi kwenye shingo ya alumini ya intakula upande wa kutokea. Nozeli imeelekezwa katikati ya mkondo, si ukutani. Iko karibu mno kupoza hewa vizuri, hilo tunalijua. Tumekubali kwamba maji yetu ni ya Hopkinson, yatafanya kazi ndani ya silinda. Hewa itapozwa na intakula, bure.

Kiasi tulikipunguza. Kwa hesabu ile ya juu, gramu 20 kwa kilo ya hewa ni kama gramu 226 kwa dakika mguu ukiwa chini kabisa, na tangi la lita 4 linakwisha kwa dakika 18. Tumeanza na nusu yake. Cheche tumezirudisha zilivyotoka kiwandani. Na kwenye tangi kuna boya na kwenye mpira kuna swichi ya presha, zote zimeunganishwa na solenoidi ya turbo. Boya likishuka, au pampu ikikosa presha, turbo inarudi presha yake ya kawaida. Nilitaka kuiandikia programu. Fundi akanitazama akasema rilei mbili zinatosha, na alikuwa sahihi.

Pistoni mpya, gasketi na ufundi vilimgharimu binamu yangu pesa ambazo mkewe bado hajaambiwa jumla yake. Jumapili iliyopita tulipanda tena kutoka Mai Mahiu, mimi nikiwa nimekaa na chupa ya maji mapajani na macho kwenye taa ya boya. Gari halikukohoa. Juu tulisimama tukafungua mpira wa chini wa intakula, pakavu.

Nyongeza: Wawili wameniuliza ana kwa ana kuhusu methanoli, kwa kuwa naitaja sana na sisi tumetumia maji matupu yaliyosafishwa. Tumefanya hivyo makusudi. Moto wa methanoli hauonekani vizuri mchana, na yenyewe ni sumu inayopofusha na kuua hata kwa kiasi kidogo, na inapenya kwenye ngozi. Novemba 2000 pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 hapa Nairobi. Kama ni lazima uitumie, usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na usiiache gereji ambako kijana wa kuosha magari anaweza kudhani ni kitu kingine.